Nani Atabaki Macho?

Kabange wangu,

Salamu naziruka, maana nimekusalimu tangu asubuhi mpaka umechoka nami. Sasa mko kwa jirani, wewe na Kyungu, mnasukwa nywele za safari ingawa msafiri ni mmoja, na kicheko chake, yaya yako aliyekutangulia kuzaliwa, kinafika hapa mezani kikipita juu ya ukuta. Jua bado lipo. Baba yenu amesinzia kitini, redio inamhutubia peke yake. Nimepata meza, nimepata kalamu. Mwandiko usikushangaze: masista wa Kapolowe walinisomesha mpaka darasa la tano tu, lakini walisema mkono kama huu hawajauona kwa msichana mwingine, na hawakuwa watu wa kusifu ovyo. Basi naandika Kiswahili chao, kile cha vitabu. Chetu cha nyumbani kitaingia chenyewe kikitaka.

Sitakuandikia juu ya sabuni, wala juu ya wanaume, wala namna ya kuficha unga kwa wenzako wa chumba. Hayo nimeyasema wiki nzima, na Baba yako ameyarudia yote kwa kuyachanganya. Nataka kukuandikia juu ya lile benchi la lopitali. Tangu Jumapili uliponiambia lile neno jikoni nimekuwa mwepesi, naimba hata nikifua, mpaka ukaniuliza kama nafurahi kwamba unaondoka. Ndiyo, nafurahi. Kwa mdomo nilijaribu kukueleza sababu, nikaishia kulia na kukuongezea nyama. Kwa kalamu nitafika.

Nianze kwa kujisifu, unijuavyo.

Siku mlipozaliwa, wanawake wa kambi yote ya wafanyakazi walikuja mlangoni na nyimbo za kupokea mapasa, yaani pacha, zile za matusi ambazo padri akizisikia anakaza mwendo wa baiskeli. Walinitukana mimi, wakamtukana Baba yenu kiungo kwa kiungo, na mimi bado nimelala na maumivu nikawajibu kwa wimbo mbaya kuliko wao, mpaka mama mkubwa mmoja akashika kiuno akasema, “Huyu njo Mama Mapasa wa kweli!” Wakanipaka pemba usoni, ile chaki nyeupe ya baraka. Jina langu la zamani likafa siku hiyo. Na majina yenu hayakuwa ya kuchagua: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange, mapasa huja nayo. Ndiyo maana serikali ilipokataza majina ya ubatizo, na majirani wakahangaika kutafuta babu wa kuazima jina, nyumbani kwetu hakikubadilika kitu. Nilitembea kambini kama mtu aliyeambiwa mapema.

Sheria ya mapasa mnaijua, mmeila na kuivaa. Kila kitu viwili na sawasawa. Mgeni akileta peremende moja, anarudi nayo. Nikimwogesha Kyungu, na wewe unaingia majini hata kama umetoka sasa hivi. Kitenge nilikikata katikati kwa mkasi wa kushonea, nikipima kama mtu wa dhahabu. Hiyo ni ya wazee, siijutii. Lakini mimi niliongeza yangu juu ya ya wazee. Wao walisema mapasa wapewe sawa. Hawakusema kwamba mapasa wana roho moja. Hilo nililitunga mimi, nikalipenda, nikalitembeza.

Nilikuwa nawaambia wageni, “Ukimufinya mumoja, mwingine analia.” Na walipobisha, niliwafinya. Kyungu akalia, na wewe ukalia. Wageni wakashika vichwa. Leo najiuliza ni mtoto gani asingelia akimwona mama yake anafinya watu na zamu yake inakuja.

Unakumbuka muuguzi wa dispensari, yule mrefu? Ulikuwa na homa, nikawaleta wote wawili.

“Mugonjwa njo nani?” akauliza.

“Bote.”

“Mama, homa iko kwa huyu mumoja. Mwingine anakula ndizi.”

“Ni mapasa. Piga sindano bote.”

“Ule wa ndizi atanichukia.”

“Atachukia nusu. Nusu ingine iko kwa mwenzake.”

Alicheka, akawapa wote wawili vidonge, sindano akakupa wewe peke yako. Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikasema huyu hajasoma. Kyungu njiani alikuwa amenyamaza kabisa na ndizi yake, na nikawaambia wanawake: mnaona? Amesikia sindano ya mwenzake. Kumbe alikuwa anaogopa nisije nikarudi naye dispensari akapate yake.

Nakuandikia haya ucheke, kwa sababu linalofuata halichekeshi sana, ingawa mwisho wake ni mzuri.

Mlikuwa bado na meno ya utoto, tumbo la Kyungu lilipomwangusha uwanjani kwa shule. Kidole tumbo, daktari akasema, lazima apasuliwe leo. Baba yenu alikuwa zamu kule Koni, kwenye mashine za umeme, hakuna wa kumwita. Tukabaki mimi na wewe kwenye benchi, mlango mweupe mbele yetu, na mwanangu nyuma ya mlango. Muuguzi alinieleza kwamba watamwekea dawa puani na hatajua kitu. Nikamwuliza, “Hatajua kitu, sawa vile mufu?” Akasema, “Hapana, Mama. Analala tu.” Lakini alisema haraka mno.

Sikuwa na njia ya kuona nyuma ya ule mlango. Halafu nikakumbuka: nina dirisha. Nikakushika kidevu, nikakugeuza uso kwenye mwanga, nikawa nakutazama macho kama mtu anayechungulia nyumba ya watu. Ukimeza mate, nashtuka. Ukijikuna, nauliza tumbo. Nawe ulikuwa mtoto, umeamka mapema, umelia, umechoka. Macho yakaanza kufunga.

“Usilale,” nikakuambia. “Weye ukilala, yaya yako atazidi kwenda mbali.”

“Mama, macho inaniuma.”

“Fungua. Weye njo unamushika.”

Nilikupeleka kwenye bomba nikakuosha uso. Nilikufinya mkono. Nilikuimbisha nyimbo za kanisa. Sikuwa na ubaya, Kabange. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na wewe karibu.

Kisha mlango ukafunguka na muuguzi akaniita mimi peke yangu. Kyungu alikuwa kitandani, midomo mikavu, macho yake yakizunguka kama anatafuta nzi. Akaniona. Akasema, kwa sauti ya bibi kizee, “Kabange iko wapi?”

Nilikimbia kuja kukuita. Nikakukuta umelala kwenye benchi, mdomo wazi, mate kwenye shavu, unakoroma kidogo kama Baba yako. Nikakuinua kwa mabega, nikakutikisa, machozi yananitiririka, nikawa nasema, “Kabange! Kabange! Yaya yako, yaya yako...” na kilio kikanikata kabla ya kumaliza. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha. Nilifikiri furaha inaonekana.

Wewe uliona nini? Uliamka ukakuta mama analia na kukutikisa na kutaja jina la yaya yako bila kumaliza. Na ulikuwa umelala. Nilikuwa nimekukataza kulala, ukalala.

Siku zilizofuata Kyungu alitapika kwa ile dawa, na wewe hukula. Bukari, ugali wetu, ilikaa mbele yako mpaka ikawa ngumu. Wanawake walipokuja kuona mgonjwa, niliwaonyesha sahani yako! Nilisimama katikati ya wodi, nikasema, “Tazameni batoto yangu. Tumbo ya mumoja imepasuliwa, mwingine hawezi kula. Njo mapasa hiyo!” Wakapiga vigelegele. Wewe ukainamisha kichwa, na mimi nikasema hata aibu mnashiriki.

Ulikuwa umekaa hapo, mtoto mdogo, na jambo kubwa ndani yako ambalo ni lako peke yako. Na mimi mama yako, mwenye macho mazuri ambayo mpaka leo yanatia uzi kwenye sindano bila miwani, nilikutazama nikamwona Kyungu.

Sasa uje kwenye mwaka huu wa mwisho wa shule, ulipoleta nyumbani lile swali la somo la filozofia. Ulikuwa unachambua maharage, ukasema, “Mama, Padri ametuuliza: utajuaje kama mwenzako ana nafsi ndani, sawa na weye? Unaona mwili wake tu.” Baba yako akasema yeye hujua kwa sababu mtu asiye na nafsi hangeweza kumdai sigara kila asubuhi. Mimi nikasema swali hilo haliingii kwangu. “Minye niko na batoto babili na nafsi moja,” nikasema, na nikaangalia kama umecheka. Hukucheka. Ulirudi kwenye maharage. Nikafikiri umepata jiwe.

Halafu ikaja habari ya kampusi, kwamba umekubaliwa. Nilitangaza Jumamosi, kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, tukifagia barabara na wanawake wote wa mtaa. Mmoja akaniuliza utasoma nini Lubumbashi. Nikasema, “Mambo ya akili ya bantu.”

“Ya bazimu?”

“Ya bazima. Hata yako, kama itaonekana.”

Walicheka mpaka yule bwana wa Chama akaja kuuliza kwa nini fagio zimesimama. Nilirudi nyumbani nimejaa kama chungu cha pombe. Na wewe kesho yake, Jumapili, ukitwanga majani ya sombe, ukaniambia huendi.

Nilidhani ni mwanaume. Nilianza kumtafuta kichwani, nyumba kwa nyumba. Nikakuuliza, ukasema hakuna. Nikauliza kama ni woga, ukasema hapana. Ndipo ukaweka mchi chini, ukasema polepole, kwa Kiswahili chetu:

“Mama, minye nikienda, nani atabaki macho?”

Sikuelewa. Nilikuambia kuna mlinzi kambini. Ukasema, “Juu ya Yaya. Ile siku ya lopitali nililala.”

Kabange, nimevuka mambo mengi, nimezika watoto wawili waliowafuata ninyi, lakini ni pale tu nilipokaa sakafuni, kando ya kinu. Niliona benchi, nikaona bomba la maji, nikaona ile sahani. Miaka yote hiyo! Ndiyo maana ulikuwa wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Na mimi nilikuwa nawaambia majirani una bidii ya masomo.

Kyungu alikuwa mlangoni na ndoo. Alisikia yote. Nilitegemea alie. Aliweka ndoo chini, maji yakamwagika, akakujia na kidole.

“Weye! Unafikiri minye ninapumua kwa pua yako?”

“Yaya, ngoja...”

“Kila asubuhi unaniuliza, ‘Umeamka muzima, Yaya?’ Minye nafikiri ni heshima! Najisifu kwa bantu: ona mudogo yangu, ananiheshimu. Kumbe unanihesabu sawa kuku!”

Ulicheka huku unalia, ute wa pua umeshuka, msomi wangu. Akainua blauzi, akakuonyesha kovu. “Ile siku banasema hesabu mpaka kumi. Nilifika ine. Halafu nikaona Mama. Kati ya ine na Mama, hakuna. Sikukuwa mbali. Sikukuwa fasi yoyote. Ungelala, ungecheza, ungekula ndizi, minye singejua.”

Na Baba yako, aliyekuwa amesimama nje muda wote akijifanya anatengeneza mnyororo wa baiskeli, akaingia na kusema, “Umeme wa Koni unafika kila nyumba, lakini jirani akizima taa yake, weye hauingie giza. Minye nilikuambia tangu zamani, Mama Mapasa.”

“Uliniambia lini?”

“Nilifikiri kukuambia.”

Tazama mtu huyu! Nimeolewa naye miaka yote hii, anataka nisikie hata yale anayofikiri.

Tangu hapo nimefikiri sana, na mimi nikifikiri sifanyi mchezo. Daktari yule alimfungua Kyungu tumbo. Aliona ndani yake kuliko nitakavyoona mimi niliyemzaa. Aliona utumbo, aliona damu, akakata kilichooza akashona vizuri, kovu nimelipima, limenyooka. Lakini Kyungu mwenyewe hakumwona. Hata angefungua kichwa, nadhani angekuta nyama tu. Na ile “hakuna” ya Kyungu, kati ya ine na uso wangu, inanishangaza mpaka sasa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, na mwenyewe hayuko. Alikwenda wapi? Yeye anasema hakwenda. Na aliporudi alirudi yeye yuleyule, na deni la kitambaa cha kichwa ulichoazima kwake analikumbuka. Nenda uwaulize maprofesa wako. Wakikujibu, niandikie. Wakishindwa, waambie kuna mama Likasi naye ameshindwa, lakini ameshindwa akiwa jikoni na moto unawaka.

Jambo moja ninalijua, na nililisikia kwa masikio yangu siku ileile nikalipita. Neno la kwanza la Kyungu lilikuwa nini? “Kabange iko wapi?” Nililibeba neno lile kambi nzima kama bendera: mnaona mapasa, ameamka na jina la mwenzake! Sikusikia kwamba aliuliza. Angekuwa ndani yako, angeuliza ya nini? Aliuliza kwa sababu hakujua. Alikuwa huku, nawe ulikuwa kule kwenye benchi, umelala usingizi mzito, na yeye ameamka kwa nguvu zake mwenyewe. Ulilala, Kabange, na Kyungu akaamka. Ndivyo ilivyokuwa. Mambo mawili, kwa watu wawili, nyuma na mbele ya mlango mmoja.

Unajua mimi nilipaswa kulielewa hili mapema. Nimesimama mara ngapi barabarani na kitenge chenye picha ya mkuu wa nchi, tukicheza kwa mwendo mmoja na tabasamu moja, mia nzima ya wanawake, mgeni mkubwa akipita na magari? Ungetutazama ungesema roho moja. Na mimi ndani nilikuwa nawaza samaki wangu wa chumvi, makayabu, kama wameloweka. Mwenzangu wa kulia sijui alikuwa anawaza nini, na salama yake ni hiyo. Uso unaweza kucheza peke yake. Ukurasa huu usiusome kwa sauti chumbani.

Basi ndiyo sababu naimba nikifua. Zamani nilidhani nikiwa na Kyungu hapa, nitakuwa nawe pia, nitakuchungulia kwake. Ilikuwa faraja. Lakini faraja ile ilikufunga wewe kwenye benchi, na ilinifunga mimi pia nje ya mlango wako. Sasa nimegundua nina watoto wawili kamili. Nani kambini amezaa mtoto mpya katika umri wangu? Mimi. Una vitu ndani yako ambavyo sijawahi kuviona na sitaviona, na sikasiriki. Ni kama kuambiwa nyumba ninayoijua ina chumba kingine, na mwenyewe anaishi humo vizuri.

Utakuta gauni sandukuni, la bluu, mikono mifupi. Nimekata kitambaa kimoja. Kyungu alinisimamia nikikata, na mkono wangu bado ulikuwa unatafuta kitambaa cha pili. Akaniambia, “Mama, minye bluu sipendi. Sijapata kuipenda hata siku moja.” Gauni zote zile za bluu za Pasaka! Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Hukuniuliza.”

Kwa hiyo nimeanza kuuliza. Nakuuliza na wewe, kwa sababu kesho treni ikishaondoka sitageuka kumtazama Kyungu usoni nijue unaendeleaje. Atakuwa na uso wake, na shughuli zake, na nadhani kuna kijana wa karakana ambaye yeye hajanitajia na mimi bado sijauliza. Wewe itabidi uniambie. Usiniandikie “niko salama” tu, hiyo hata mwenye homa anaandika. Niandikie kuna nini humo. Ukiwa na huzuni, andika huzuni. Ukimsahau Kyungu siku nzima kwa sababu ya furaha, andika hivyo pia, mimi nitamsomea na atakutukana kwa upendo.

Sasa nasikia mnarudi, mnagombana nani ana kichwa kikubwa. Nafunga.

Kesho, treni ikipita Kapolowe, tazama upande wa misheni, ukumbuke walionipa mwandiko huu. Halafu weka kichwa dirishani na ulale. Lala mdomo wazi, ukorome kama Baba yako, mpaka Lubumbashi. Hakuna utakayemwacha aende mbali. Yaya yako ataamka hapa mwenyewe, na mimi nitakuwa naye, tunakula.

Mama yake Kabange

(kwa wengine wote, bado Mama Mapasa)